Uwanjani hucheza mtoto, anayepimwa ni mzazi

JUMAPILI moja ya mwezi wa Novemba, katika viwanja vya wazi vya mashariki ya London, tulimliza mtoto wa watu. Tunaandika hivyo bila ya kuzungusha maneno kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu tunajua kwamba sisi si mzazi wa kwanza kufanya hivyo wala hatutokuwa wa mwisho.

Ilikuwa ni mechi ya watoto wa chini ya miaka 12, wachezaji tisa kila upande. Mvua ilikuwa ile nyembamba ya hapa, isiyonyesha wala isiyokatika. Timu anayochezea mwanetu na wapinzani wao walikuwa wamefungana mabao 2 kwa 2 na dakika zilizobaki zilikuwa chache. Mwamuzi akapuliza filimbi na kuonesha penalti. Aliyecheza rafu, kwa mujibu wa mwamuzi, alikuwa ni mwanetu.

Pembeni mwa viwanja hivi huwekwa kamba, na wazazi hutakiwa wasimame nyuma yake. Sisi tuliivuka. Tulianza kwa Kiswahili, ambacho mwamuzi hakukielewa, na tukamalizia kwa Kiingereza, ambacho alikielewa vizuri sana. Tulipomfikia karibu ndipo tulipomwona sawasawa. Alikuwa kijana mwembamba, ndevu hazijamwota, na jezi ya uamuzi ilikuwa kubwa kuliko yeye. Midomo ilikuwa ikimtetemeka. Mama mmoja aliyesimama na mwavuli wake akatwambia kwa sauti ya chini kabisa: "Ana miaka kumi na tano. Ni mwanangu."

Njiani kurudi nyumbani mwanetu hakusema neno. Kwa kawaida huwa anatuhadithia kila pasi na kila kona, hata zile tulizoziona. Siku hiyo alitazama dirishani tu. Tulipokaribia nyumbani akasema, kwa adabu, kama anavyosema na mwalimu wake: "Baba, nakuomba Jumapili ijayo usije."

Tukamuuliza kwa nini.

"Kwa sababu ilikuwa penalti. Nilimpiga mguu."

Ndugu msomaji, ziko aibu za aina nyingi, lakini hii ilikuwa na uzito wake. Sisi tuliondoka kwetu kwa sababu kazi yetu ilikuwa ni kuuliza masuala, na walikuwepo wakubwa ambao jawabu yao ilikuwa ni makelele na vitisho. Tumeandika mara nyingi kuhusu mwenye sauti kubwa anavyomkandamiza asiyekuwa nayo. Siku tulipopewa nafasi, na asiye na sauti akawa ni kijana wa miaka 15 mwenye filimbi, tulifanya yale yale.

Baada ya siku chache klabu ilipata barua kutoka kwa viongozi wa ligi: faini, na mzazi aliyehusika asionekane uwanjani kwa mechi nne. Faini tuliilipa kutoka mfukoni mwetu, na ilikula zaidi ya ujira wa usiku mmoja wa kazi ya ghalani. Zile Jumapili nne tulikaa nyumbani. Mama yake mtoto ndiye aliyempeleka. Haya tunayoyaandika leo ni matunda ya kukaa huko.

Jambo la kwanza tulilojiuliza ni hili: kelele zile zilikuwa za nini? Penalti ya watoto, katika uwanja uliojaa matope, haina thamani yoyote kesho yake asubuhi. Lakini sisi hatukuwa tukiitazama penalti. Tulikuwa tukitazama mbali. Mzazi aliyehama nchi na kupoteza kazi yake, anayeamka usiku kwenda kubeba maboksi, huona kwa mtoto wake mlango ambao kwake yeye umeshafungwa. Januari 2020, Mbwana Samatta alipojiunga na Aston Villa na kuwa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, hapakuwa na baraza ya Waswahili katika mji huu ambayo haikulizungumza jambo hilo. Tulifurahi sote, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini wengi wetu tulirudi majumbani tukawatazama watoto wetu kwa jicho jengine. Mtoto aliyekuwa akicheza kwa raha zake akageuka kuwa tiketi ya bahati nasibu.

Tiketi hiyo ni ghali, na tarehe ya kuzaliwa nayo ina neno ndani yake. Klabu kubwa za hapa huweza kuwasajili watoto katika vituo vyao vya kukuza vipaji kuanzia kundi la chini ya miaka 9. Makundi ya umri hufuata mwaka wa skuli, ambao huanza tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa Septemba na yule aliyezaliwa Agosti ya mwaka unaofuata huwekwa kundi moja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake kwa takriban mwaka mzima. Katika umri wa miaka minane, mwaka mmoja ni jambo kubwa: ni urefu, ni mbio, ni nguvu ya mguu. Kocha huona mkubwa wa mwili akadhani ameona kipaji. Mambo haya yamechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1985 Roger Barnsley na wenzake walionesha kwamba nchini Canada wachezaji wa hoki ya barafu waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka walikuwa wengi kupita kiasi, kwa sababu huko hesabu ya umri huanzia Januari. Katika vituo vya mpira vya England vilevile, waliozaliwa kuanzia Septemba hadi Disemba ni wengi kuliko waliozaliwa majira ya joto.

Mwanetu amezaliwa Julai. Miaka yote ile tuliyokuwa tukimwambia akaze, ajitume, asiwe mlegevu, alikuwa akikimbizana na watoto waliomzidi kwa miezi kumi. Hatukuwa na habari. Tulikuwa tunamlaumu kwa kalenda.

Jambo la pili linahusu utaratibu wenyewe wa mpira wa watoto. Mwaka 2012, vyama vya mpira vya England vilipitisha mageuzi: watoto wadogo kabisa wacheze watano kwa watano, kisha saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, na kumi na moja kwa kumi na moja kuanzia kundi la chini ya miaka 13. Pia ikakubaliwa kwamba msimamo wa ligi usichapishwe mpaka watoto wafikie kundi la chini ya miaka 12. Tulipolisikia hilo mara ya kwanza tulicheka. Mpira gani huo usio na msimamo? Tuliona Waingereza wanawadekeza watoto.

Tulipokaa na kufikiri tukakumbuka kwamba na sisi tulikulia katika mpira usiokuwa na msimamo. Ulikuwa unaitwa chandimu. Mpira wenyewe ulikuwa ni mifuko ya plastiki na matambara yaliyofungwa kamba, na magoli yalikuwa ni mawe mawili au kandambili. Hapakuwa na refa, hapakuwa na kocha, na kubwa zaidi hapakuwa na mzazi. Bao likibishaniwa, tulibishana, lakini sote tulijua kwamba ugomvi ukizidi, jua litakuchwa na mpira utakuwa umekwisha. Basi mtu alikubali asilolitaka ili mchezo uendelee. Katika miaka yote ya skuli na chuo kikuu hatukufunzwa somo la kusuluhishana lililoshinda lile.

Hatutaki kuyapamba mambo ya zamani. Katika chandimu mtoto asiyejua mpira aliwekwa golini au aliambiwa akalinde nguo. Watoto wa kike hawakuitwa kabisa. Wababe walipiga wenzao na hapakuwa na wa kusema naye. Mpira wa hapa una kocha ambaye hupekuliwa rekodi zake za uhalifu kabla ya kukabidhiwa watoto, na kila klabu ya watoto inatakiwa iwe na ofisa wa ustawi wao. Hayo ni mambo mema ambayo sisi hatukuyapata. Walakin kimoja tulikuwa nacho na watoto wetu wamekikosa: uwanja uliokuwa wetu wenyewe. Mtoto wa hapa anapiga mpira huku baba anampigia kelele kushoto, kocha kulia, na babu wa mwenziwe nyuma ya goli. Hana nafasi ya kuamua jambo kwa akili yake. Na mtu asiyeamua hakosei, na asiyekosea hajifunzi.

La tatu ni sifa. Wazee wetu walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti ambao ungewafurahisha wazee hao. Waliwapa watoto mafumbo ya kufumbua. Baadhi wakasifiwa kwa kuwa na akili, na wengine kwa kufanya bidii. Baadaye walipotakiwa kuchagua kazi nyengine, wengi katika waliosifiwa akili walichagua ile ambayo wangeonekana wazuri bila ya taabu, na wengi katika waliosifiwa bidii walichagua ile ambayo wangejifunza kitu. Yalipowafika mafumbo magumu wakashindwa, wale wa akili ndio waliovunjika moyo zaidi, na alama zao zikashuka hata waliporudishiwa mafumbo mepesi.

Tuliposoma hayo tulikumbuka jambo. Tangu mwanetu ana miaka saba tumekuwa tukimwita "kipaji". Mbele ya wageni: "Huyu ni kipaji." Na tulikuwa tumegundua, bila ya kutia maanani, kwamba kila Jumapili ya kucheza na timu iliyowazidi, tumbo lilikuwa likimuuma. Tulikuwa tukimpa chai ya tangawizi. Kumbe ugonjwa ulikuwa ni lile jina. Mtoto uliyemwita kipaji ana kitu cha kupoteza kila anapoingia uwanjani. Uliyemwambia "leo ulirudi nyuma kukaba hata ulipochoka, nimeiona" ana kitu cha kufanya tena wiki ijayo.

La nne ni kushindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii tunaijua sote, lakini tunaitumia kwa watoto wa wenzetu. Tukaona tumhadithie mwanetu habari za John Stephen Akhwari. Mtanzania huyu alikwenda kwenye Olimpiki ya mwaka 1968 katika Jiji la Mexico kukimbia marathoni. Njiani alianguka na kuumia goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baadaye, giza limeshaingia na watu wengi wameshaondoka, mguu umefungwa bandeji, akichechemea. Waliokuwa wameanza mbio walikuwa 75, na waliomaliza walikuwa 57. Yeye alikuwa wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alieleza kwamba nchi yake haikumtuma safari yote ile ili aanze mbio, bali ilimtuma azimalize.

Mwanetu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatuuliza: "Na baba yake alimwambia nini?" Hatukuwa na la kumjibu. Lakini tulifahamu alikuwa akiuliza nini.

Yako mengi ya kujifunza karibu na kwetu vilevile. Mjini Nairobi, katika mitaa ya Mathare, mwaka 1987 ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana, MYSA, na Mkanada Bob Munro akishirikiana na vijana wa hapo. Ligi yao ilikuwa na kanuni ambayo hatukupata kuisikia kwengine: timu ilipata pointi uwanjani, na ilipata pointi pia kwa kutoka na mafagio na mikokoteni kusafisha taka za mtaa. Pointi za usafi ziliingizwa katika msimamo ule ule wa mabao. Timu isiyosafisha iliweza kukosa ubingwa. Wala mpira haukuharibika kwa hilo. Timu iliyotokana na jumuiya hiyo, Mathare United, ilikuwa bingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2008. Kwa ufupi, kinachopewa pointi ndicho mtoto anachokithamini. Nyumbani kwetu pointi zilikuwa za mabao peke yake.

La tano ni zito zaidi, nalo ni kwamba uwanja ni mahali ambapo mtoto huweza kuonwa. Mwaka 2022 Mo Farah, bingwa wa Olimpiki wa mita 5,000 na 10,000 mwaka 2012 na tena 2016, alieleza katika filamu ya BBC kwamba jina alilopewa na wazazi wake ni Hussein Abdi Kahin. Alisema aliletwa Uingereza akiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwa jina la mtoto mwengine, akafanyishwa kazi za nyumbani katika nyumba ya watu. Aliyemfungulia moyo ni mwalimu wake wa michezo skulini, Alan Watkinson. Mwalimu huyo aliwaarifu maofisa wa ustawi wa jamii, na mtoto akahamishiwa kwa familia nyengine. Tukizisikia medali zile nne, tukumbuke kwamba kabla ya medali palikuwa na mtu mzima mmoja aliyemtazama mtoto badala ya saa ya mbio.

Sisi tulikuwa tukimtazama mwanetu kila Jumapili kwa dakika 60. Tulikuwa tunaiona miguu yake tu.

Tukirudi kwa yule kijana wa filimbi, ni vyema wazazi wenzetu wafahamu kwamba katika England mtoto wa miaka 14 anaruhusiwa kuanza uamuzi, na mechi nyingi za watoto huchezeshwa na vijana wa umri huo. Huo ndio mwanzo wa waamuzi wengi mnaowaona kwenye televisheni. Mwaka 2008 chama cha mpira cha England, FA, kilianzisha kampeni ya heshima, na kamba ile ya pembeni ni katika mambo yake. Hata hivyo hali haikutulia. Mwaka 2023 FA ilianza majaribio, Middlesbrough ikiwa ya kwanza, ya kuwavisha kamera vifuani waamuzi wa ligi za chini za watu wazima ili kuwakinga na matusi na vipigo. Fikiria, ndugu msomaji: mtu anakwenda kuchezesha mpira wa mtaani amevaa kamera kama askari polisi.

Tulimwandikia yule kijana barua ya kumuomba radhi kupitia kwa katibu wa ligi. Tuliiandika mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa na "lakini" mbili ndani yake, mara ya pili moja, mara ya tatu tulizitoa zote. Majibu hayakuja, na hatukuwa na haki ya kuyadai. Katibu alituambia tu kwamba kijana ameomba kupumzika. Majira ya baridi yote tulikuwa tukiangalia viwanja vya jirani kama tutamwona. Hatukumwona. Kuna makosa ambayo mtu huyalipa kwa fedha yakaisha, na kuna mengine ambayo deni lake halina pa kupelekwa.

Adhabu yetu ilipokwisha hatukurudi mara moja. Tulimwambia mwanetu kwamba tutakuja siku atakayotualika yeye. Zilipita wiki sita. Katika muda huo mdogo wake wa kike, ana miaka tisa, alisema na yeye anataka kucheza. Zamani tungetafuta visingizio: baridi, masomo, watu watasema nini, na mtandio. Kuhusu mtandio, sheria za mpira ziliuruhusu rasmi mwaka 2014. Kuhusu watu, tuliona tumeshawasikiliza vya kutosha. Safari hii tulimuuliza suala moja tu: unataka kucheza namba gani? Akasema golikipa, kwa sababu golikipa ana glavu. Sababu hiyo inatosha.

Mwezi wa Machi mwanetu akatwambia: "Baba, Jumapili unaweza kuja, kama utakaa kimya." Tukaenda. Tulisimama nyuma ya kamba, mikono mifukoni, na tukatafuna pipi ili mdomo uwe na kazi. Haikuwa rahisi. Mara mbili ulimi ulifika kwenye meno. Walifungwa mabao 3 kwa 1, na bao la tatu lilitokana na kosa lake: alitoa pasi ya kizembe mbele ya goli lake mwenyewe. Tulimwona akisimama kidogo ameshika kiuno, kisha akauokota mpira wavuni na kukimbia nao mpaka katikati ya uwanja. Filimbi ya mwisho ilipolia alikwenda kwa mwamuzi, mtu mzima safari hii, akampa mkono.

Ndani ya gari tulikuwa tumeshajiandalia suala moja. Hatukuuliza kwa nini alitoa pasi ile. Tuliuliza kama alifurahi.

Akafikiri kidogo, akasema alifurahi, isipokuwa pale kwenye bao la tatu. Halafu akaanza kutuhadithia mechi yote tangu mwanzo, kila pasi na kila kona, hata zile tulizoziona.